Saa ya Dakika 25: Tathmini ya Kifaa cha Wanaoahirisha Mambo

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kipima muda kidogo cha plastiki, cha kuzungusha kwa mkono, kisichotumia betri wala kuunganishwa na chochote, ambacho watengenezaji wake walikikusudia kwa matumizi ya jikoni. Umaarufu wake mezani ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alipokitumia kujilazimisha kusoma. Chake kilikuwa na umbo la nyanya, na ndiyo maana mbinu aliyoijenga juu yake inaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Kanuni zake ni chache. Unachagua kazi moja, unatega saa kwa dakika 25, unaishughulikia kazi hiyo peke yake hadi kengele ilie, kisha unapumzika kwa dakika 5. Baada ya mizunguko minne mapumziko hurefuka na kuwa ya kati ya dakika 15 na 30.

Mashabiki wa kifaa hiki hukisifu kana kwamba kuahirisha mambo ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Mimi nimekitumia kwa kazi za aina mbalimbali, na maoni yangu ni kwamba kinamfaa sana mtu anayeogopa kuanza, ilhali kinaweza kumharibia yule ambaye kungoja kwake kuna sababu.

Tuanze na huyo mwoga, kwa kuwa ndiye mteja halisi. Mwanasaikolojia Piers Steel, katika mapitio yake ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007, alieleza kuahirisha kuwa ni kuchelewesha kwa hiari jambo ulilokusudia kulifanya, huku ukitarajia kwamba ucheleweshaji huo utakugharimu. Kwa maana hiyo, anayesubiri takwimu kutoka kwa mwenzake haahirishi chochote, na anayepumzika kwa sababu amechoka haahirishi pia. Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walikwenda hatua moja mbele, wakieleza kwamba kiini cha tatizo ni namna mtu anavyojaribu kutuliza hisia zake: kazi inamtia hofu, inamchosha au inamkumbusha udhaifu wake, naye anaikwepa ili apate nafuu ya papo hapo. Ratiba nzuri haimsaidii mtu wa namna hiyo. Ratiba anayo tayari, tena ameipaka rangi.

Mtazame akiwa mbele ya ripoti anayodaiwa. Anafungua faili, anaandika kichwa cha habari, anakikoleza, anabadilisha aina ya herufi, anarudi kusahihisha tarehe, kisha anainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo siku nyingine yoyote angevipita bila kuviona. Hapo ndipo kifaa hiki kinapoonyesha thamani yake. Ukizungusha duara lake hadi 25, swali linalokukabili halihusu tena lini utaimaliza ripoti nzima, bali kama unaweza kukaa nayo kwa muda unaouona kwa macho ukipungua. Kufikia dakika ya kumi hivi mkono huanza kuitafuta simu wenyewe. Jicho linateremka kwenye duara, linaona kwamba safari imeshakatwa karibu nusu, na mkono unarudi mahali pake. Ahadi ni ndogo mno kuiogopa, na mtu akishakaa na kazi anayoiogopa mara nyingi hugundua kwamba sehemu iliyokuwa inamtisha ilikuwa ile ya kuanza.

Kwa sababu hiyo hiyo nakipendelea kifaa cha plastiki kuliko programu za simu zinazofanya kazi ileile, ingawa programu nyingi ni nzuri kwa sura na baadhi zinatoa takwimu za kila wiki. Kuiweka saa ya kujizuia ndani ya simu ni kumkabidhi fisi bucha. Unaichukua ili utege dakika 25, unakutana na ujumbe mpya, na mzunguko unakufa kabla haujaanza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tabia hii inadumu ikiwa ina hasara tupu. Jibu ni kwamba haina hasara tupu. Dianne Tice na Roy Baumeister, katika utafiti wao wa mwaka 1997 juu ya wanafunzi wa chuo kikuu, waliona kwamba wale wenye mazoea ya kuahirisha waliripoti msongo mdogo na maradhi machache kuliko wenzao mwanzoni mwa muhula. Mwishoni mwa muhula hali iligeuka, wakawa na msongo na maradhi zaidi kiasi kwamba jumla yake kwa muhula mzima ilizidi ya wenzao, na alama zao zilikuwa za chini. Raha ile ya mwanzo, kwa hiyo, ni ya kweli kabisa, na anayemhubiria mwahirishaji kwamba anajidanganya hatasikilizwa, kwa sababu mwahirishaji anaihisi. Kinachokosekana kwenye hesabu yake ni riba.

Ipo faida nyingine ambayo wapenzi wa dakika za majeruhi huitaja, nayo haistahili kubezwa. Mwanahistoria Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi kuujaza muda uliotengewa, na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua kwamba hakutia chumvi. Anayeanza kwa kuchelewa huinyima kazi nafasi ya kutanuka: anaacha mapambo, anaamua upesi, anaandika kurasa anazohitaji tu. Tatizo ni kwamba mpango huo unategemea kila kitu kiende sawa. Umeme ukikatika, mtoto akiugua au faili likagoma kufunguka, hapabaki njia nyingine isipokuwa kulipua kazi, na kazi iliyolipuliwa hutambulika hata na msomaji asiyejua ilichelewa wapi. Faida hiyo kipima muda kinaitoa kwa usalama zaidi, kwa kuwa kila mzunguko ni tarehe ya mwisho ndogo isiyomwangamiza mtu akiikosa.

Sasa nije kwenye udhaifu wake mkubwa. Kuna mambo yanayohitaji kulala kwanza: barua ya kujibu tusi, uamuzi wa kuacha ajira, mchoro ambao bado hujui unataka kusema nini. Saa haijui kutofautisha kusitasita kwa woga na kusitasita kwa busara. Zote mbili inazisukuma kwa mlio uleule. Barua ya hasira iliyoandikwa ndani ya mzunguko mmoja hutoka ikiwa imekamilika, ina mpangilio, ina hoja tatu zilizonyooka, na ubaya wake ni huo ukamilifu, kwa sababu sasa inaonekana iko tayari kutumwa. Kwa kazi za aina hii nakiacha kifaa kabatini.

Mwanafalsafa John Perry wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza njia iliyo kinyume kabisa na ya Cirillo: uahirishe kwa mpangilio, yaani uikwepe kazi kubwa kwa kufanya nyingine nyingi zenye manufaa. Wazo hilo lilimpatia tuzo ya Ig Nobel ya fasihi mwaka 2011, tuzo inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Linamfaa mtu mwenye uhuru wa kupanga kazi zake. Mwenye bosi mmoja na tarehe moja ya mwisho, nadhani, atalisoma kwa furaha kisha arudi kwenye shida yake.

Kasoro ndogo zipo pia. Mlio wa saa inapotembea huwakera mnaochangia chumba. Kengele humkatisha mtu aliyekwisha kuzama katika kazi, na hapo mimi huipuuza kanuni na kuendelea. Mapumziko ya dakika 5 hugeuka kuwa nusu saa iwapo simu iko karibu. Wapo pia wanaoanza kuhesabu mizunguko kana kwamba ndiyo matokeo. Vilevile, mtu ambaye kuahirisha kwake kunatokana na sonona au tatizo la kiafya la umakini anahitaji mtaalamu, si plastiki inayolia.

Anayekihitaji achague chenye namba kubwa zinazosomeka bila kukiinua, kitako kizito kisichoteleza, na kengele fupi. Kabla ya kulipa akizungushe dukani na kukisikiliza kwa dakika moja nzima, kwa kuwa sauti ya vingine haivumiliki. Na kama duara linasuasua likikaribia sifuri, akirudishe rafuni.