Wetisuti kwa Bahari ya Mtwara na Lindi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Bahari ya kusini mwa Tanzania si ya baridi, na kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba kununua wetisuti, vazi la mpira linaloubana mwili wa mzamiaji, ili kuzamia Msimbati, Mikindani au Kilwa ni israfu. Maji hayo huwa na karibu nyuzi 29 za Selsiasi mwezi Machi, kaskazi inapoishia, na hushuka hadi karibu 25 mwezi Agosti, kusi inapovuma. Mwili wa binadamu, hata hivyo, una nyuzi 37, na maji huufyonza joto lake kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mwenye kuoga kidogo na kutoka hataona tofauti, lakini anayekaa chini na mtungi wa hewa kwa muda mrefu huweza kutoka akitetemeka, jua likiwa utosini.

Wetisuti haizuii maji kuingia. Hushonwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930, ambao ndani yake mna viputo vingi vidogo vya gesi. Gesi hupitisha joto polepole, kwa hiyo kinga yenyewe imo katika viputo hivyo. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyebuni vazi hili mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba mzamiaji anaweza kulowa na bado asipatwe na baridi. Maji machache yanayopenya hupashwa na mwili na kubaki hapo. Yakipata upenyo wa kutoka na kupisha mengine, mwili hulazimika kuanza kazi upya kila mara.

Ndiyo maana katika bahari yetu ninatanguliza kipimo cha mwili kuliko unene. Vazi la milimita 3 linalokaa sawasawa litakufaa kuliko la milimita 5 linalopwaya. Ukilijaribu, inua mikono, chuchumaa, kisha vuta pumzi ndefu: lisiache uwazi kwapani, shingoni wala kwenye mbonyeo wa mgongo juu ya kiuno, na lisikuzuie kupumua. Nchi kavu litaonekana kubana kupita kiasi, lakini majini hulegea kidogo. Anayeagiza kutoka mbali apime kifua, kiuno, nyonga na kimo, asitegemee herufi za ukubwa peke yake, kwa kuwa kila kiwanda kina vipimo vyake.

Kwa mzamiaji wa kawaida, naiweka ya kwanza wetisuti ndefu ya milimita 3, yenye mikono na miguu mirefu. Inatosha wakati wa kusi, haichoshi wakati wa kaskazi, na huikinga ngozi na jua, konyeza na michubuko ya matumbawe, jambo lenye maana kwa anayetembelea Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Ya pili ni ile fupi ya milimita 2, nafuu na rahisi kuvaa, ila huacha wazi vigimbi na mikono.

Ya tatu ni ya milimita 5, ambayo ningemshauri mwalimu wa uzamiaji au mtu anayeshuka mara kadhaa kwa siku. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na viputo hubanwa hadi karibu nusu ya ukubwa wake, hivyo kila vazi hupungua unene huko chini na kinga yake hupungua pia. Neoprini nene huelea zaidi, kwa hiyo mvaaji huongeza vipande vya madini ya risasi kwenye mkanda ili aweze kuzama. Akifika chini, vazi lililobanwa halielei tena kama mwanzo, na uzito ule humvuta. Gharama hiyo ya unene huwa haiandikwi dukani.

Vazi la laikra, kitambaa chembamba kinachonyumbuka, nimeliweka mwisho kwa wazamiaji kwa sababu halihifadhi joto kwa kiasi cha kutajika. Kwa mkulima wa mwani, anayefanya kazi maji yakiwa magotini au kiunoni huku jua likimchoma mgongoni, mpangilio hubadilika kabisa: hilo ndilo lake la kwanza, kwani neoprini ingemchemsha.

Mishono iliyogundishwa kwa gundi na kushonwa bila sindano kutokeza upande wa pili hupunguza maji yanayopenya, lakini hupandisha bei. Kwa maji ya nyuzi 25 sioni sababu ya kuilipia.

Ukipata ya mtumba, ikunje mabegani na magotini utazame nyufa, kisha ibinye kwa vidole: neoprini nzima hurudi upesi, na iliyokufa hubaki imebonyea. Zipu ivutwe mara kadhaa, kwa kuwa chumvi huanza kuila hapo. Kila baada ya kuzamia isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uianike kivulini kwenye henga pana, kwa sababu jua la Mtwara huikausha neoprini hadi ikapasuka.