SARO 5 kwenye majaruba ya kutegemea mvua

Mbegu hii ya mpunga, kitaalamu TXD 306, imejijengea jina kwenye skimu za umwagiliaji. Hapa tunaipima kwenye majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta) yanayongoja mawingu, kama ya Kahama na Shinyanga, ambako mvua huanza kwa kusuasua, kisha hukata Januari au Februari.

Sifa yake kubwa ni muda: siku 120 hivi. Ukiimwaga kitaluni katikati ya Desemba, Machi katikati inachanua, Aprili katikati unavuna. Supa, mpunga wa kienyeji wenye harufu nzuri, iliyomwagwa siku hiyohiyo bado inajaza punje mvua zikiaga. Tena SARO 5 ni fupi, hailali ovyo.

Ila kuwahi kukomaa si kustahimili ukame, na wauzaji wengi huyachanganya haya mawili. Jaruba likipasuka nyufa mpunga ukiwa umebeba mimba au unachanua, utavuna mapepe: suke limesimama wima, jeupe, ukiliminya halina kitu. Urea nayo usiimwage juu ya udongo mkavu, sehemu kubwa itapotelea hewani. Ngoja maji ya sentimita 2 hadi 5.

Hasara nyingine huanzia kitaluni. Mche mzuri wa kupandikiza ni wa siku 14 hadi 21. Ukizeekea kitaluni mpaka siku 40 ukingoja mvua, hutoa machipukizi machache na kukimbilia kuchanua. Kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha ekari moja. Ongeza kilo 4 za kitalu cha pili, siku 14 baada ya cha kwanza. Ni bima rahisi kuliko kununua miche kwa jirani.

Dukani angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Nyumbani tia mbegu kwenye maji ya chumvi yanayoelesha yai bichi, engua zinazoelea, suuza, loweka saa 24, atamia (zifunike zikiwa na unyevu) mpaka chipukizi zichungulie. Si chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu, mradi ung'oe mashina marefu ya Supa yaliyojichanganya. Kimyanga, ugonjwa wa virusi, huipata vibaya: mche wenye michirizi ya njano, toa mapema.

Harufu inayo, ila haifikii ya Supa, na bei sokoni inalijua hilo. Shamba la mlimani lisilotuama maji, usiipeleke. Huko jaribu NERICA 1, mbegu ya mpunga wa nchi kavu.

Mvua ikirudi wakati wa kuvuna, usiache mpunga uliokauka shambani. Ukilowa na kukauka tena, punje hupasuka ndani, na mashineni unapokea chenga.