Kipoza hewa cha maji: kinafaa, ila si kwa kila hali ya hewa

Tulipohamia nchi ya joto na watoto wawili, kilichotutaabisha kwanza hakikuwa lugha wala kazi bali usingizi, kwa kuwa kuta zilizopigwa jua mchana kutwa ziliendelea kutoa joto hadi usiku wa manane, na kitinda mimba wetu, ambaye tayari alikuwa ameota vipele vya joto shingoni, aliamka kila mara akilia. Kiyoyozi hatukukimudu. Tukanunua kipoza hewa cha maji, yaani feni yenye tangi la lita 20 na pampu inayolowesha sponji nene ambazo hewa hupitia kabla ya kuingia chumbani.

Usiku wa kwanza nilijuta. Tulifunga madirisha yote, kama watu waliozoea kuizuia baridi isiingie, na haikupita saa moja kioo cha kabati kikawa kimefunikwa na ukungu, shuka zimepata unyevunyevu, na joto limekuwa zito kuliko awali. Kosa lilikuwa letu, ingawa kijitabu cha maelekezo kilichokuja nacho hakikusema neno kuhusu madirisha. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa. Mvuke huo usipopata pa kutokea, hewa hushiba unyevu, maji huacha kukauka, na upoaji hukoma. Kesho yake tuliacha dirisha la upande wa pili wazi kwa upana wa kiganja, na mtoto akalala hadi alfajiri.

Katika miezi ya ukavu sina la kulalamikia kuhusu ubaridi wake, na kwa kuwa hakina kompresa, yaani mtambo wa kugandamiza gesi ya kupozea, umeme kinaotumia ni mdogo ukilinganisha na wa kiyoyozi. Mvua zilipoanza, hata hivyo, hakikutofautiana na feni ya kawaida, kwa hiyo siku hizo tunazima pampu na kuacha upepo peke yake. Anayeishi mahali penye unyevunyevu mwaka mzima asipoteze fedha zake.

Usafi wake una kazi. Maji yakituama ndani huanza kunuka, na mbu huhitaji takriban wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka, hivyo tangi humwagwa na kusuguliwa kila baada ya siku tatu. Kifungua mimba wetu ameifanya kazi hiyo kuwa yake, na hataki kusaidiwa. Kelele za kasi ya tatu ni kubwa kiasi kwamba hatusikilizani mezani, lakini kasi ya kwanza huwabembeleza watoto.

Dosari iliyoniudhi hasa ni sponji. Baada ya miezi mitano zimeota ukoko mweupe wa chumvi ya maji, siki haiutoi wote, na muuzaji aliyetuhakikishia kuwa vipuri havikosekani sasa anasema hana.