Uzoefu wangu na kifaa kidogo cha kupimia kapasita

Multimita yangu ina sehemu ya kupima mikrofaradi, yaani uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji ya umeme, na kwa kapasita mpya imenitosha kabisa. Nilipoanza kutumia tena kapasita zilizochomolewa kwenye bodi kuukuu ndipo nilipohitaji kuujua pia ukinzani wa ndani, yaani ESR, nikanunua kifaa kinachotumia chipu ya ATmega328 na betri ya volti 9, cha aina iliyobuniwa na Markus Frejek na kuendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler.

Faida yake niliiona kwenye kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 1000 iliyotoka katika pawasaplai. Kifaa kilisoma 930, na kwa kuwa kapasita za aina hiyo kwa kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, multimita ingeipitisha bila shaka. Lakini ESR ilikuwa ohmu 3, ilhali mpya ya kiwango hichohicho ilisoma chini ya ohmu 0.1. Joto hukausha majimaji ya ndani, ukinzani hupanda, nao ukinzani huo huzidisha joto, hivyo kapasita inaweza kushindwa kazi ingali na mikrofaradi zake karibu zote.

Kwa kapasita ndogo za seramiki siwezi kukisifu hivyo. Yenye alama 104, ambayo ni nanofaradi 100, husomwa vizuri, lakini ukishuka kwenye pikofaradi chache namba huyumbayumba, na soketi yake, ambayo kwa maoni yangu ni ya hali ya chini, haisaidii.

Usikipachikie kamwe kapasita yenye chaji, kwa sababu chipu huweza kuungua papo hapo. Itoe chaji kwanza kwa kupitia rezista, kisha uhakikishe kwa multimita kwamba volti zimeisha. Pia ichomoe kwenye saketi, kwani vijenzi vilivyo sambamba nayo hupotosha kipimo.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba kifaa hupima kwa volti zisizozidi 5, kwa hiyo kapasita ya volti 50 inayovujisha umeme ikifika volti 40 itaonekana nzima. Hiyo mimi huipa volti zake kutoka pawasaplai ya mezani kupitia rezista ya kilo-ohmu 10, nikasubiri dakika kadhaa, kisha nikapima volti zilizobaki kwenye rezista: kila volti 1 ni mikroampea 100 zinazovuja.