Mazabodi isiyo na feni, sebuleni Mwanga, Kigoma

Kompyuta yangu ya sinema ya kwanza ilikuwa na feni iliyovuma kama mashine ya kusaga. Mama watoto akanipa wiki moja: itoke, au nilale nayo sebuleni.

Nikachukua mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, aina ya ASRock J4105-ITX. Ni kijibodi cha sentimita 17 kwa 17, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron imeshachomelewa humo, wati 10 tu, juu yake bati la kupozea. Feni hakuna. Hapa Kigoma umeme ukikatika tunakaa kwa inveta na betri moja ya sola, na hiyo betri inavusha filamu nzima na chenji inabaki.

Ramu, yaani kumbukumbu ya muda, inayokaa humo ni ile fupi ya laptopu. Mimi kwa ujuaji nilinunua ndefu ya kompyuta ya mezani, fundi akacheka mpaka akakaa chini.

Picha ya 4K inatoka kwa HDMI bila kukwama, na video zilizobanwa kwa mfumo wa HEVC inazicheza vizuri. Zile za AV1, mfumo mpya zaidi wa kubana video, ndizo haziwezi, kwa hiyo angalia mafaili yako kwanza. Gemu zito sahau.

Vumbi la kiangazi nalifuta kwa brashi ya rangi. Jana usiku, filamu ilipokaa kimya, tulisikia mjusi darini.