Boti na muongozaji wa Kilwa Kisiwani: nyota tatu

Mwezi uliopita nilienda Kilwa Kisiwani na shemeji yangu, tukakodi boti na muongozaji pale Kilwa Masoko. Jina la kampuni siliweki, wanajijua. Boti yenyewe fresh, lifejaketi zipo na hazinuki (hii nayo ni ya kusifia jamani), nahodha ni mzee mmoja mpole, tukawa tunamwita babu, tumefika jua bado halijawa kali.

Na kijana muongozaji historia anaijua, hapo simnyimi haki yake. Msikiti Mkuu na kuba zake, Ibn Battuta kupita hapo 1331, bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, lile kasri la Sultani, anaongea utadhani alimbebea Sultani mawe.

Sasa wageni wawili tuliochangia nao boti wakapanda ukuta wa Husuni kupiga picha, na yeye ndo kawashikia simu! Ule ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mmoja anashuka, kikadondoka kipande saizi ya andazi, kijana akakisogeza pembeni kwa mguu, haya twendeni. Mbele kidogo akaokota kigae cha kijani, cha Kichina anasema, akamwambia shemeji elfu tano tu dada yangu. Nikamwambia rudisha ulipokitoa. Akazunguka, akainama, akaangalia huku na kule, mwisho akakiweka juu ya jiwe tu. Hakumbuki.

Mimi nakadiria hasara za bima, kwa hiyo iliniuma kikazi kabisa. Bampa ikivunjika najua bei ya mpya na ya mtumba, ila ukuta wa miaka mia saba spea yake unainunua Kariakoo? Na msidhani haipigwi hesabu, inapigwa. Marekani wana sheria ya 1979, ukiharibu eneo la kale kwenye ardhi ya serikali wanaweza kukupigia gharama ambayo watafiti wangeingia kuchimba hapo kitaalamu kupata taarifa ulizoziua, yaani kuanzia kupanga utafiti, kwenda saiti, maabara mpaka kuandika ripoti, halafu unawekewa na matengenezo juu. Elfu tano hapo ni chenji. Kigae kikishatoka mahali pake na hakuna aliyeandika kilikuwa tabaka gani la udongo, basi umebaki na sahani iliyovunjika.

Kesi ya Timbuktu, kule Mali, ndo imenikaa zaidi. Mwaka 2017 mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, iliamua mwanamgambo Ahmad al-Faqi al-Mahdi anadaiwa fidia ya euro milioni 2.7 kwa yale makaburi ya mawalii na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia vilivyovunjwa 2012. Angalia mgawanyo sasa: majengo yenyewe euro 97,000, machungu ya watu euro 483,000, na hasara ya kiuchumi ya wakazi euro milioni 2.12. Majengo hayafiki hata mia elfu! Mzigo wote uko kwa watu ambao mji ukikosa wageni na wao wanakosa ugali, na huyu kijana wetu na boti yake yuko humohumo, anajikatia tawi alilokalia halafu anawashikia wengine simu.

Tukiwa tunarudi nikamweleza, akacheka, "bro, hizo kuta zimekaa miaka yote hiyo, zitaenda wapi?" Babu hakusema kitu, akapunguza tu injini tulipokuwa tunapita Gereza, ile ngome ya kale ya ufukweni, akanyoosha kidole upande wa bahari ambako mawimbi yameshakula ukuta. "Hapo mikoko ilikatwa," akasema, "watu walitaka kuni na nguzo, basi." Eneo zima lilikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 mpaka 2014, na kulitoa humo walijenga kuta za kuzuia maji na kupanda mikoko upya. Kuni zile ziligharimu kiasi gani, hebu pigeni wenyewe.

Kijana akanyamaza mpaka Masoko.

Mkienda ombeni nahodha mzee, na muongozaji mwambieni mapema kabisa kwamba ukutani hapandwi. Nyota tatu, mbili ni za babu.