Chembe nano za polima zinazong'aa: zinapima shaba, ila chuma huzidanganya

Kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na yasiyo na matope, kipimo hiki cha shaba kwa chembe ndogo mno za polima (aina ya plastiki) ni kizuri. Chembe hung'aa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Zikinasa ioni za shaba, mwanga hufifia.

Chuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45, tia mililita 2 kwenye kyuveti (kichupa angavu cha kupimia mwanga), ongeza mikrolita 20 za chembe, subiri dakika 5, soma mwanga kwa kifaa cha kuupima. Soma pia maji yaliyokenekwa, ili ulinganishe. Bila hayo namba haina maana. Mwanga ukizimika karibu wote, zimua sampuli urudie. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba kuwa miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo unahitaji namba ya kulinganisha nacho; usitegemee jicho tupu.

Kinachosumbua hasa ni chuma. Ioni za chuma aina ya feri (Fe³⁺) hufyonza mwanga wa taa yenyewe, usomaji ukashuka hata pasipo shaba. Floridi ya sodiamu kidogo huzifunga ioni hizo zisisumbue (vaa glavu, ni sumu).

Maji ya bahari sahau: chumvi hufanya chembe zishikamane na kuzama. Kuzigandisha nako huziharibu vivyo hivyo. Zihifadhi gizani kwenye nyuzi 4. Ukiona mashapo chini ya kichupa, kutikisa hakusaidii. Tupa.